Pongezi kwa Wachukuzi wa Chuma

Miongoni mwa kazi za taabu na amana ambazo watu huzipita pasi na kuzitazama ni ya dereva wa trela la wazi, lisilo kuta wala paa, apakiaye chuma katika bandari ya Kilindini na kukipeleka bara. Mita moja ya ujazo ya chuma hukaribia uzito wa tani 8, na kwa sababu hiyo shehena ionekanayo haba machoni, pengine koili mbili tatu za bati, hutosha kuzielemea ekseli. Naye dereva mwenye maarifa huzilaza juu ya magogo, akazitilia kabari, akazifunga kwa minyororo, kisha baada ya mwendo mfupi akasimama kuikaza tena, kwani mtikiso wa njia huilegeza. Akishika breki ghafula, lori husimama bali chuma hutaka kuendelea mbele, na baina yake na kisogo cha dereva hakuna kizuizi madhubuti ila minyororo ile.

Nilimwona mmoja Mariakani, karibu na mzani, akivuta kila mnyororo kwa mkono, taniboi wake ameinama kuzikagua kabari katika jua la adhuhuri. Wala hakuharakishwa na honi za waliokuwa nyuma. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yaweka kikomo cha tani 56, gari na mzigo pamoja, lakini uangalifu ule haukuandikwa na sheria yoyote, na kwa huo, zaidi ya nguvu zake, namstahi na kumshukuru.