Mashua Isiondoke Kabla Majina Hayajatimia

Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tumefunzwa na msiba thamani ya orodha ya abiria. MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza tarehe 21 Mei 1996, daraja la kwanza na la pili yalikuwa na majina 443 kwenye orodha, wakati meli yenyewe iliruhusiwa kubeba watu 430. Daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa. Ndiyo maana hadi leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa makadirio. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere chenye uwezo wa kubeba watu 101 kikapinduka karibu na gati la Ukara. Waliokufa walizidi 220, na waokoaji waliingia majini bila kujua wanatafuta watu wangapi. Siku mbili baada ya ajali wazamiaji walimtoa fundi mitambo akiwa hai, alipokuwa amejisitiri penye hewa iliyonaswa ndani ya chombo. Kwa hiyo hesabu ya watu ndiyo inayomwambia mwokoaji kama kazi imekwisha au bado, na kanuni hiyohiyo inamhusu mtu wa Kamanga au Mwanza anayekwenda likizo Unguja, akapanda mashua kwenda kuzamia Mnemba kwa mara ya kwanza. Wengi humwuliza kiongozi ana uzoefu wa miaka mingapi. Mimi nasema la kuulizwa kwanza ni nani anashika orodha.

Sababu iko katika mwenendo wenyewe wa mbizi. Mwanagenzi hupumua haraka kwa wasiwasi, hupiga mikono, hushindwa kutulia kwenye kina kimoja, na hewa yake huisha mapema kuliko ya wenzake. Geji yake inaposhuka hadi baa 50, wengine huenda wana baa 100 bado. Hapo kiongozi ama apande na kundi zima, ama ampandishe yule mmoja peke yake au na mwenza wake. Akichagua hili la pili, kundi limegawanyika, na macho ya kiongozi hayawezi kuwa juu na chini kwa wakati mmoja. Sasa tupige hesabu. Kutoka mita 18, ambacho ndicho kina cha mwisho kwa mwenye cheti cha mwanzo, kupanda kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika huchukua dakika 2. Kusimama kwenye mita 5 kwa usalama ni dakika 3 nyingine. Mkondo wa noti moja tu husogeza mtu takriban mita 30 kila dakika. Atakapotoa kichwa juu ya maji atakuwa mita 150 kutoka pale alipoanzia kupanda, na kichwa cha binadamu kati ya mawimbi ni kitu kidogo sana kwa nahodha anayetazama upande mwingine.

Mfano unaoumiza zaidi ulitokea Australia, Januari 1998, kwenye Mwamba Mkuu wa Matumbawe. Mashua ilirudi pwani ikiwaacha baharini mke na mume kutoka Marekani. Kwa maelezo yaliyotolewa baadaye, watu walihesabiwa, lakini wakati hesabu inaendelea baadhi ya abiria walikuwa wamejitosa tena majini kuogelea. Waliporudishwa kwenye jumla, namba ikaonekana imetimia. Kutoweka kwa wale wawili kuligunduliwa baada ya siku mbili, mfuko wenye vitu vyao ulipokutwa ndani ya mashua. Hawakuonekana tena. Hesabu ya vichwa ilifanyika, na haikuwaokoa.

Kwa hiyo anayesema kundi lake ni la watu sita na halihitaji karatasi hajanishawishi. Mashua za Mnemba huweza kubeba pamoja wazamiaji na waogeleaji wa juujuu, na watu hao hupanda na kushuka kwa nyakati tofauti. Kuna pia hoja kwamba mzamiaji ni mtu mzima, ajilinde mwenyewe. Ni kweli lazima aangalie geji yake, abaki na mwenza wake, abebe boya la kupuliza. Lakini akiwa majini hawezi kuizuia mashua isiondoke. Anayeweza ni nahodha, na kazi yake ni nyepesi: majina yaandikwe kabla ya kung'oa nanga, kila mtu aitwe na aitikie mwenyewe, mwenzake asimwitikie, mtu wa pili arudie, asiruhusiwe yeyote kujitosa mpaka orodha ifungwe, injini isiwashwe kuondoka kabla ya hapo. Karatasi hiyohiyo iandikwe saa ya kutoka majini na kina kilichofikiwa. Kwa mgeni wa kutoka Mwanza hilo lina faida nyingine, kwa sababu baada ya kuzamia mara kadhaa inashauriwa kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na saa 12 baada ya mbizi moja.

Ndugu msomaji, kabla hujavaa mtungi, omba uoneshwe jina lako kwenye orodha na uulize nani atakuita mkirudi. Wakikosa jibu, baki ufukweni, na udai nauli yako.