Ufagio wa George Herbert

Mashairi ya dini yana maradhi yake: hupenda kupaa kabla hayajajua kutembea. George Herbert, kasisi Mwanglikana aliyezaliwa mwaka 1593, hakuugua maradhi hayo. Alitoka katika ukoo wa kikabaila, akawa msemaji rasmi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha mwaka 1630 akashika parokia ndogo ya Bemerton, karibu na Salisbury. Huko hakutimiza hata miaka mitatu, alifariki 1633. Katika kitabu chake cha nathari kuhusu kasisi wa shamba, kilichochapishwa 1652, anamtaka kasisi ajue kilimo na ufugaji, kwani mtu huongozwa kwenye asilolijua kwa kupitia analolijua.

Utungo unaotimiza shauri hilo ni “The Elixir”, uliomo katika diwani yake, The Temple, ya mwaka 1633. Una beti sita tu, za mistari minne minne, mizani 6, 6, 8 na 6, vina vikipishana. Hoja yake ni nyepesi kuitaja: mtumishi afagiaye chumba kwa ajili ya Mungu hukitakasa chumba na kazi yenyewe pia. Kusudio hilo ndilo jiwe la wanakimia, ligeuzalo kila kitu kuwa dhahabu.

Mfasiri hukwama mapema, kwenye anwani. “Dawa” itampeleka msomaji hospitalini, na “kemia” itamrudisha darasani. Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, al-iksir, nami ningelirejesha hivyo hivyo: “Iksiri”. Waliowahi kumsikia Ghazali na kitabu chake cha Kiajemi juu ya kimia ya furaha hawatapotea. Kwa upande mwingine, jambo ambalo Herbert analizunguka ubeti baada ya ubeti, sisi tuna neno lake moja tu: nia.

Lakini ufagio umeshikwa na nani? Hapo ndipo utungo huu unaponikera. Asemaye ni mwana wa makabaila. Afagiaye ni mtumishi. Visiwani kwetu, ambako watu walifagia nyumba za mabwana zao pasi na hiari, kuambiwa kwamba kazi ya kutumwa ina utukufu si faraja tupu. Mwana Kupona naye, katika utenzi wake wa 1858, aliifungamanisha kazi ya nyumbani na radhi za akhera, ila yeye alimwusia binti yake wa kumzaa. Na hata humo watumwa wamewekwa kando.

Herbert, nadhani, analo jibu, ingawa halimo katika utungo huu. Limo katika “Love”, ule wa tatu kwa jina hilo, unaofunga sehemu kuu ya diwani. Mgeni mwenye vumbi na haya anasita mlangoni. Upendo, ambaye ndiye Bwana, anamshika mkono. Mgeni anaomba basi yeye ndiye atumikie, anakataliwa. Anaketishwa, anakula. Mwenye nyumba ndiye mtumishi.

Yeyote atakayeifasiri diwani hii asizitenganishe tungo hizi mbili. Na “The Elixir”, ambao umezoeleka kuimbwa makanisani, usomwe kwanza bila muziki, polepole, ili yule mtumishi aonekane.