Kabla Mkono Haujainuka

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo imewakemea wavivu wengi waliokwepa jua kwa kisingizio cha mpini, na kwa hilo inastahili heshima. Lakini mkulima hodari naye ana jembe lake asilopenda kuliazimisha, jembe ambalo mpini wake ulikatwa kwa kimo chake na haumvunji mgongo jua linapopanda. Namtetea mkulima huyo, na ushahidi wangu nautoa kwenye gofu, mchezo ambao sehemu kubwa ya matokeo huamuliwa mchezaji akiwa bado amesimama tu.

Mpira wa gofu haumfuati mtu. Umelala kwenye nyasi unamsubiri, uzito wake hauzidi gramu 45.93 wala kipenyo chake hakipungui milimita 42.67. Kichwa cha fimbo hushuka kwa mviringo, kikafika chini kabisa karibu na usawa wa bega la kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, kisha kikapanda. Swali ni hili: mpira umewekwa wapi katika njia hiyo? Kwa draiva, fimbo ndefu, mpira huinuliwa juu ya kigingi mkabala na kisigino cha kushoto kwa ndani, ili kichwa kiukute kikiwa kimeanza kupanda. Kwa fimbo fupi za chuma, mpira hurudi karibu na katikati ya miguu, ukutwe kichwa kikiwa bado kinashuka: kwanza mpira, kisha udongo, na pande la nyasi linang'oka mbele ya pale mpira ulipokuwa. Urudishe nyuma kupita hapo, hata kwa upana wa vidole viwili, na uso wa fimbo utaufikia kabla haujanyooka. Mpira utaelekea kulia. Usogeze mbele mno, na fimbo itachimba ardhi kwanza, au uso utakuwa umekwisha kujifunga na mpira uende kushoto. Mikono ni ileile, nguvu ni zilezile. Kilichobadilika ni mahali tu.

Mabingwa wenyewe wamebishana kuhusu mahali hapo. Mmarekani Ben Hogan, katika kitabu chake Five Lessons cha mwaka 1957, alifundisha kwamba mpira ubaki mahali pamoja siku zote, karibu na kisigino cha kushoto, na mguu wa kulia ndio uhame: uende mbali kwa fimbo ndefu, uje karibu kwa fimbo fupi. Walimu wengine huuhamisha mpira wenyewe, kidogo kidogo, kuelekea katikati. Ukiutazama ubishi huu kwa utulivu, utaona kwamba pande mbili ziko karibu kuliko zinavyodhani. Mguu wa kulia ukiletwa karibu, mpira ambao haukusogea hujikuta umekaribia katikati ya miguu. Wote wanatafuta uhusiano wa mpira na mwili ambao mchezaji anaweza kuurudia kesho na keshokutwa bila kubahatisha.

Ardhi nayo ina neno lake. Kwenye mteremko, mpira husogezwa kuelekea mguu ulio juu, maana njia ya fimbo hubadilika pamoja na mwinuko. Upepo ukivuma usoni, mchezaji huurudisha nyuma ili uruke chini chini. Nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na leo zimetanda hadi kwenye uwanja wa Riviera huko Los Angeles, ni nene na hung'ang'ania kichwa cha fimbo kinapopita. Anayezijua huuweka mpira nyuma kidogo ili apate mpira safi kabla nyasi hazijamshika.

Jicho pia hudanganya. Geuza vidole vya mguu wa kushoto vielekee nje, kama wengi wafanyavyo, na mpira utaonekana umerudi nyuma ilhali kisigino hakijasogea hata kidogo. Kwa sababu hiyo mwalimu makini hupima kutoka kisiginoni. Hulaza fimbo mbili chini, moja ikielekea shabaha, nyingine ikitoka kwenye mpira kuja miguuni kwa pembe mraba, akamwacha mchezaji aamini kilicho ardhini badala ya kile alichokiona akiwa ameinama.

Hapo tumeupatia mpira mahali. Sasa tuishike fimbo. Mwaka 1991 Ian Woosnam alishinda mashindano ya Masters huko Augusta, akavishwa koti la kijani na bingwa wa mwaka uliotangulia, Nick Faldo. Woosnam alikuwa na kimo cha mita 1.64, Faldo mita 1.91. Kanuni iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1938 iliwaruhusu wote wawili fimbo zisizozidi 14, lakini fimbo za mmoja hazikuwa lazima zimfae mwingine. Kimo chenyewe hakitoshi kuamua. Fundi wa fimbo hupima pia kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni, kwa kuwa mtu mrefu mwenye mikono mirefu anaweza kutumia fimbo za urefu wa kawaida, na mfupi mwenye mikono mifupi vilevile.

Kipimo kinachopuuzwa zaidi ni ulalo, yaani pembe ambayo ufito wa fimbo hufanya na ardhi kichwa kikiwa chini. Fimbo ikisimama wima mno kwa mwenyewe, ncha ya kichwa huinuka na uso hutazama kushoto. Ikilala mno, ncha huchimba na mpira huenda kulia. Digrii chache tu zinaweza kuutoa mpira karibu na shimo na kuutupa mchangani. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyeanzisha PING mwaka 1959 huko Marekani, alilichukulia jambo hili kwa uzito, na kampuni yake ikatia kwenye kichwa cha fimbo kidoti cha rangi kinachoonyesha ulalo wake. Naliona doa lile dogo kuwa alama ya heshima. Limekiri kiwandani kwamba miili ya watu haifanani, na kwamba chuma ndicho kinachopaswa kumfuata mtu.

Fundi anayefuata njia hiyo hufanya kazi kwa subira inayopendeza. Hubandika utepe chini ya kichwa cha fimbo, mchezaji akapiga juu ya ubao mgumu. Alama ikibaki upande wa ndani, karibu na ufito, fimbo imesimama mno; ikibaki nchani, imelala mno. Au huchora mstari wima kwenye mpira kwa kalamu ya wino, akausoma ulivyojichapa usoni mwa fimbo baada ya pigo. Kisha hukibana kichwa kwenye jiliwa na kuipinda shingo polepole. Hutazama kama ufito unalegea au unakaza mno kwa kasi ya mtu huyo, na kama mshiko unajaa viganjani mwake. Nasifu zaidi adabu yake: haanzi kwa kumwambia mtu kuwa amekosea. Humwambia apige tena, na tena, kwa kuwa pigo moja si ushahidi.

Adabu hiyo ina sababu. Mwili wa binadamu ni mtiifu kupita kiasi. Upe fimbo iliyosimama mno, na baada ya mipira kadhaa kwenda kushoto utatafuta njia yake wenyewe. Bila kufundishwa na yeyote, mchezaji ataanza kuurudisha mpira nyuma kidogo, uso uufikie ukiwa bado haujafunga. Mpira utanyooka, naye atafurahi. Kumbe sasa ana makosa mawili yanayofichana. Akienda kwa fundi akarekebishiwa fimbo peke yake, mpira utaruka kulia, atamlaumu fundi. Akienda kwa mwalimu akaonyeshwa mahali pa mpira peke yake, utaruka kushoto, atamlaumu mwalimu. Kila mmoja alishika nusu ya ukweli. Mahali pa mpira na kipimo cha fimbo ni somo moja, na mengi tunayoyaita tabia mbaya ni jitihada njema za mwili uliopewa chombo kisicho chake.

Mtetezi wa methali atanitajia Seve Ballesteros. Kijana huyo wa Pedreña, kaskazini mwa Hispania, alijifunzia kwenye mchanga wa ufukweni kwa fimbo moja, chuma namba 3, akaja kushinda Kenya Open mwaka 1978 na The Open ya Uingereza mwaka 1979. Ni kweli, na ni fahari. Lakini kwa fimbo hiyo moja alilazimika kujifunza kubadili mahali pa mpira, uso wa fimbo na mikono yake kwa kila pigo alilolihitaji. Chombo hakikubadilika, basi akabadilisha kila kitu kingine. Aliilipa gharama ya kipimo kwa kipaji ambacho wachache sana wamejaliwa, na si haki kumdai kila anayeanza alipe vivyo hivyo.

Nawafikiria hasa watoto wanaoanza na fimbo za watu wazima, za kurithi au za msaada, zilizokatwa ili ziwafikie. Ufito uliokatwa huwa mgumu zaidi, kichwa kikabaki na uzito uleule, na mtoto hujipinda mwili mzima ili akiburute. Upindo huo huota mizizi. Miaka ikipita, mtu mzima husimama nyuma yake na kusema hana kipaji. Nawasihi walimu, wazazi na kedi wazoefu: kabla ya kutamka neno hilo, mpeni fimbo anayoiweza, uwekeni mpira mahali pake, mumwache apige mara nyingi. Hukumu, kama bado itahitajika, ije baada ya hapo.