Nafsi ya Jukwaani na Kicheko cha Wengi

Mtahiniwa akitakiwa kueleza sifa za mchekeshaji bora kama fanani, aghalabu huanza na kumaliza kwa jibu moja: huchekesha watu wengi. Huenda wewe, mwalimu, umelipa jibu hilo alama bila kusita. Wingi wa kicheko hutueleza habari za hadhira. Kuhusu sanaa yenyewe hautuelezi mengi. Ili kumhakiki mchekeshaji wa jukwaani, hatuna budi kwanza kumtenga fanani na nafsi anayoivaa, kama tunavyomtenga mshairi na nafsineni.

Chukua mfano wa Daniel Ndambuki. Katika kipindi chake cha runinga, kilichoitwa kwanza Churchill Live na baadaye Churchill Show, alikuwa Churchill, mwenyeji mtulivu anayewapisha wenzake wachekeshe. Katika redio ya Classic 105, akiwa na Maina Kageni, mtu huyo huyo alikuwa kwa miaka mingi Mwalimu King'ang'i, mwenye lafudhi nzito ya Kikamba na maoni tele kuhusu ndoa za watu. Mtu ni mmoja, nafsi ni mbili. Mwanafunzi akiandika kwamba Ndambuki "anaamini" jambo fulani kwa kuwa King'ang'i alilitamka, mnyime alama. (Walimu tumechekwa vya kutosha katika nchi hii. Teacher Wanjiku, nafsi ya Caroline Wanjiku, naye alipanda jukwaa la Churchill. Sijui wahasibu walijificha wapi.)

Sasa tuje kwa lafudhi, maana ndiyo iliyotawala vichekesho vinavyopendwa na wengi. Ni maleba yasiyogharimu chochote. Fanani akitamka "rugha" badala ya "lugha", ukumbi huangua kicheko kabla hajasimulia lolote. Wewe mwalimu wa lugha unajua chanzo chake: Gikuyu haitofautishi sauti l na r, hivyo ulimi uliolelewa nayo huzichanganya ukikutana na Kiswahili. Hiyo ni athari ya lugha ya mama, wala si upungufu wa akili. Lakini kicheko kikishazoeleka ukumbini huingia darasani. Msichana aliyekuwa wa kwanza kuinua mkono hujifunza kuuficha inapofika zamu ya kusoma kwa sauti, kwa kuwa wenzake wamekaa wakiisubiri hiyo r yake. Msichana huyo ana mtihani mbele yake, na hata isimujamii tunayomfundisha haitamfaa ikiwa haongei.

Watetezi husema kuwa huo ni utani wetu wa jadi. Hoja hii ina uzito, ila haijakamilika. Malumbano ya utani yana masharti: pande mbili zenye uhusiano unaotambuliwa na jamii, zamu ya kusema, na haki ya kujibu. Anayeitwa mlafi leo atamwita mwenzake mwoga kesho, tena matangani. Mtazamaji aliyeketi nyumbani mbele ya runinga hana zamu. Huchekwa, na kipindi kikaisha.

Je, lafudhi ipigwe marufuku jukwaani? La. Mtazame Mzee Ojwang'. Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu, naye akaigiza mzee wa Kijaluo katika Vitimbi ya KBC kwa miongo kadhaa. Alipofariki Julai 2015, wengi walimlilia kwa jina la nafsi yake. Vitimbi ni maigizo, si uchekeshaji wa mtu mmoja jukwaani, lakini nafsi ile inatufunza jambo. Ojwang' alikuwa na majivuno, hila, na kiu ya kuheshimiwa, na alikuwa na Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, wa kumjibu papo hapo. Ukimvua lafudhi, bado anabaki mtu. Nafsi nyingi zinazojaza kumbi ukizivua lafudhi hubaki maikrofoni tu.

Redykyulass nao walikuwa maarufu, kwa hiyo tusidhani umaarufu wenyewe ndio kosa. Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie walijitokeza wakati Daniel arap Moi angali Ikulu. Mong'are, yaani Nyambane, alipoiga sauti ya Rais, lafudhi ilikuwapo pia. Tofauti ni kwamba aliyelengwa alikuwa na uwezo wa kujibu kuliko mtu yeyote nchini. Kejeli ile ilipanda juu, kwa aliye na nguvu. Hii ya "rugha" huteremka, na mara nyingi humwangukia yaya, mlinzi au mwanafunzi aliyetoka shule ya kijijini.

Pendekezo langu kwa somo la vichekesho na soga ni hili. Mpe kila mwanafunzi kichekesho kimoja alichokisikia kwa mchekeshaji ampendaye, akiwasilishe kwa Kiswahili sanifu, bila lafudhi ya mtu yeyote. Mruhusu ishara, miondoko, kimya, ufaraguzi na kushirikisha hadhira. Katika darasa langu la Kidato cha Tatu, vichekesho vingi vilikufa kabla ya sentensi ya pili. Kimoja kilichohusu harambee na mwenyekiti asiyejua kuhesabu noti kilisimama imara. Mvulana aliyekisimulia akauliza kama sasa anaweza kuirudisha lafudhi. Darasa lilibishana hadi kengele ikalia, nami nikawapa swali hilo kuwa insha.