Lupita Nyong'o Jukwaani: Kiswahili Ndani ya Shakespeare

Mwalimu mwenzangu, ukimtaja Lupita Nyong'o darasani hapa Kisumu, wanafunzi hukimbilia filamu. Watakutajia tuzo ya Oscar aliyoipata Machi 2014 kwa uigizaji wake katika 12 Years a Slave, kisha Black Panther. Atakuwepo pia wa kukumbusha kwamba babake, Profesa Anyang' Nyong'o, ndiye aliyechaguliwa gavana wetu mwaka wa 2017 na tena 2022. Ni wachache wanaojua kwamba bibi huyu ni mtu wa jukwaa kwanza. Nawe mtahiniwa unayeisoma tamthilia teule kwa ajili ya Karatasi ya Tatu, jukwaa lake linakuhusu kuliko filamu zake.

Alizaliwa Mexico mwaka wa 1983, akalelewa Nairobi katika jamaa ya Waluo yenye asili yake Seme. Akiwa na miaka 14 aliigiza Juliet na kundi la Phoenix Players, Nairobi. Baadaye alisomea uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, akahitimu shahada ya uzamili mwaka wa 2012. Mafunzo ya aina hiyo huanza na pumzi, sauti na mwili, kisha mwanafunzi hukabidhiwa maandishi magumu. Mwaka huo wa mwisho aliigiza Perdita katika The Winter's Tale ya Shakespeare.

Jambo moja katika maisha yake ya kazi hunivutia zaidi ya tuzo. Mwaka wa 2009, akiwa mwanafunzi, alikuwa mwigizaji wa akiba katika Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake katika vita vya Liberia. Mwigizaji wa akiba hukariri sehemu ya mwenzake, akasubiri nyuma ya pazia siku ambayo huenda isifike. Baada ya Oscar angeweza kuchagua kazi nyingi. Alirudi kwenye tamthilia ile ile, mwaka wa 2015 katika Public Theater jijini New York, na 2016 huko Broadway, akateuliwa kuwania tuzo ya Tony.

Hebu sasa tuje kwenye kiini cha makala haya. Agosti 2025, katika jukwaa la wazi la Delacorte, New York, Lupita aliigiza Viola katika Twelfth Night, chini ya mwelekezi Saheem Ali, mzaliwa wa Kenya. Katika mchezo huu pacha wawili, Viola na Sebastian, hutenganishwa na dhoruba baharini, kila mmoja akidhani mwenzake amekufa maji. Viola huvaa mavazi ya kiume na kujiita Cesario. Sebastian aliigizwa na Junior Nyong'o, nduguye Lupita wa toka nitoke. Na pacha hao walipewa Kiswahili kuwa lugha ya kwao.

Waandishi wetu walishaitia kazi ya Shakespeare katika Kiswahili: Nyerere alitafsiri Mabepari wa Venisi mwaka wa 1969, naye Mushi akatupa Makbeth na Tufani. Hapa mambo yamegeuzwa: Kiswahili ndicho kilichoingia kwa Shakespeare.

Nilipoyaeleza haya, mwanafunzi wangu mmoja wa Kidato cha Tatu aliuliza, "Lakini mwalimu, hao ni Wajaluo. Mbona wasiongee Dholuo?" Nilimjibu vibaya. Nilisema Kiswahili ni lugha ya taifa, jibu la kitabu cha isimu jamii, naye akanyamaza kwa heshima tu.

Swali lake lilikuwa la mhakiki. Lugha ngeni jukwaani inaweza kuwa pambo tu, kama kitenge kilichotundikwa ukutani ili hadhira ijue kuna Mwafrika. Tupime basi: tukikiondoa Kiswahili, mchezo unapoteza nini? Katika maandishi ya Shakespeare, pacha hutambuana mwishoni kwa kuulizana juu ya baba yao, alama aliyokuwa nayo usoni na siku aliyofariki. Ni ushahidi kama wa mahakamani. Lakini Viola ameishi mchezo mzima katika nguo za kuazima na jina la kuazima. Akipewa lugha ya nyumbani, basi hata usemi wake kama Cesario ni vazi. Akiirudia mbele ya nduguye, amelivua kabla hajabadilisha nguo. Hapo kuhamisha ndimi kunabeba ploti na sifa za mhusika.

Mtahiniwa, ukikutana na mbinu hii, usiishie kuandika "kuhamisha ndimi" na kunakili mfano. Onyesha mhusika anavaa nini au anavua nini kwa lugha hiyo, na mbele ya nani.

Swali la Dholuo lilibaki. Juma lililofuata niliwapa wanafunzi wawili wabuni onyesho lao la ndugu waliopoteana wakivua samaki, mmoja akiingilia mlangoni. Walilicheza kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Dholuo. Mara ya pili yule wa mlangoni alishindwa kumaliza sentensi yake ya kwanza, na darasa zima likanyamaza. Yule aliyeniuliza alinitazama, nami sikuwa na la kumpinga.