Tatu, Nne, Tano

Wiki yangu ya kwanza ya kufundisha uashi hapa Sengerema nilijenga ukuta mzuri sana. Kozi saba za tofali za kuchoma, zimenyooka, hata mimi nilijisifu moyoni. Nilipogeuka nikawapa wanafunzi mwiko, hakuna aliyejua aanzie wapi. Walikuwa wamemwona fundi. Kazi hawakuiona.

Mwalimu mwenzangu, mzee anayekaribia kustaafu, alikuwa amekaa juu ya jiwe akinywa chai. Hakusema kitu. Kesho yake alinikaribisha kwenye kipindi chake, na tangu hapo mimi ni mwanafunzi wake wa siri. Mbele ya vijana ananiita "Mwalimu" kwa heshima zote, nami namwita "Mzee".

Somo lilikuwa kutafuta kona. Mafundi wanalijua: kutoka kigingi cha kona unapima mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na futi ikivutwa kati ya alama hizo mbili ikasoma 5 kamili, kona iko skwea. Mimi ningelimaliza kwa dakika mbili na chaki. Mzee alilitumia asubuhi nzima.

Alianza kwa kupanga watu. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, kama hiki chetu, vilianza mwaka 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya watu wazima vya Uswidi, na mpaka leo darasa la chuo cha aina hiyo lina kila mtu: aliyemaliza kidato cha nne, aliyeishia la saba, mama mwenye mtoto mgongoni. Kwangu huo ulikuwa mzigo. Mzee aliuona kama mtaji. Kijana anayeikariri kanuni ya Pythagoras bila kuwahi kushika futi alimweka na mvuvi wa zamani wa sangara, aliyekuwa saidia fundi miaka mingi na kuvuta tatu-nne-tano bila kujua kwa nini.

"Kwa nini isiwe mbili, tatu, nne?" akawauliza.

Wakajaribu. Kona ikaachama. Mvuvi akacheka kwamba kabati la nyumba hiyo litagombana na ukuta. Kijana akachuchumaa, akaandika mavumbini: 9 na 16 ni 25, lakini 4 na 9 ni 13, wala si 16. Mvuvi akaitazama ile hesabu kwa muda mrefu. Kisha naye akamwonyesha kijana kwamba futi ikilegea, hata tano inadanganya.

Muda wote huo mikono ya Mzee ilikuwa nyuma. Hilo ndilo ninalolistaajabia zaidi, maana mkono wa fundi ukiona kosa hauwezi kutulia. Binti mmoja aliposimika kigingi pembeni kidogo, nilishaanza kuinama nikirekebishe. Mzee akanishika mkono wa shati. Binti akavuta futi, akapata 5 na sentimita sita, akatuangalia. Mzee alikuwa anatazama mwembe. Binti akang'oa kigingi mwenyewe.

Vijana wana haraka. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 juu ya ziwa, wanataka zege na winchi, hawataki vigingi. Mzee hawakemei. Anawauliza tu wale wa darajani walijuaje nguzo ya kwanza ikae wapi.

Kuhusu kulaza tofali, ana utaratibu ambao nimeuiba wote. Mara ya kwanza analaza kimya, kwa kasi yake ya kawaida. Mara ya pili polepole, akitaja kila tendo. Mara ya tatu anasimama kama mgeni na kungoja wanafunzi wamwamuru, naye anatii amri ilivyo, hata ikiwa mbovu. Nilidhani ni mchezo. Kumbe hapo ndipo anaposikia nani ameelewa na nani amekariri.

Ijumaa nilijaribu. Nikashika mwiko, nikasema, "Haya, niambieni."

"Weka udongo," akasema mmoja.

Nikainua karai, nikamwaga lote juu ya tofali moja.

"Siyo wote, Mwalimu!" Darasa zima lilisimama. "Kiasi cha mwiko! Halafu utandaze! Na tofali hujalilowesha!"