Kilimia Kama Kipimo: Giza la Mpakani Linavyohesabiwa

Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, nilihesabu nyota tatu za Kilimia, ya nne nikaibahatisha. Kesho yake nikiwa uani katika kijiji cha Kirewa, saa ile ile na kwa macho yale yale, nilihesabu sita. Ilikuwa mwanzoni mwa Januari, saa tatu na nusu usiku, wakati Kilimia kinapofikia kilele cha safari yake, juu kabisa upande wa kaskazini. Nyakati zote mbili hapakuwa na wingu wala mbalamwezi. Kilichotofautiana ni taa. Uchambuzi huu unaeleza hesabu hiyo inapima nini, na mkazi wa mji uliojaa taa afanyeje ili aione anga bila kuuhama mji wake.

Tuanze na kipimo chenyewe. Kilimia ni kishada cha nyota ambacho wakulima wa mwambao walikifanya kalenda, na jina lake limetokana na kulima. Kwa mtazamaji wa anga kina faida nyingine: nyota zake zimepangana kwa mng'aro kama vidato vya ngazi. Mng'aro wa nyota hupimwa kwa madaraja, na namba ikipanda nyota inafifia. Daraja moja ni tofauti ya mara mbili na nusu hivi, na madaraja matano ni mara 100. Kidato cha kwanza ni Alcyone, daraja la 2.9. Hufuata Atlas 3.6, Electra 3.7, Maia 3.9, Merope 4.2 na Taygeta 4.3. Baada ya hapo kuna pengo, kisha Pleione 5.1 na Celaeno 5.5.

Kwa hiyo ukiona tatu, anga yako inakomea karibu na daraja la 3.7. Ukiona sita, umevuka 4.3. Ya saba ina ugumu wake: Pleione ni hafifu, tena imebanana na Atlas hata macho mengi huziona kama nyota moja. Mtu akikwambia ameona sita tu, usimcheke. Hapo ndipo ngazi inaporuka kidato.

Tofauti hiyo ndogo ya namba ina uzito. Mbingu nzima, ya kaskazini na ya kusini, ina nyota kama 5,000 hadi daraja la 6, ambalo ndilo ukomo wa kawaida wa macho matupu penye giza la kweli. Hadi daraja la 4 zimebaki kama 500 tu. Anga inayokomea daraja la 4 imekwisha kupoteza nyota tisa katika kila kumi, na ya Malaba ilikuwa haifiki hata hapo.

Zinapotelea wapi? Hapa lazima tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni mwanga unaokupiga usoni. La pili ni mwanga uliotapakaa hewani juu ya mji. Dawa zake si moja.

La kwanza nililikuta Kirewa. Nilipotoka nje nilihesabu nyota nne tu, nikashangaa. Taa ya sola ya jirani ilikuwa imetundikwa kwenye ukingo wa paa, ikinitazama moja kwa moja. Mama mwenye nyumba hiyo aliniona nimeinua shingo muda mrefu.

"Mwalimu, umepoteza nini huko juu?"

"Nahesabu Kilimia, mama. Lakini taa yako imenishinda."

Alicheka, akamwita mwanawe aizime. Nikajisogeza nyuma ya jiko, nikakaa chini, nikasubiri. Baada ya dakika ishirini na tano zilikuwa sita.

Kusubiri huko ni kazi ya kemia. Mboni ya jicho hutanuka upesi gizani, lakini hilo ni sehemu ndogo tu ya mambo. Kazi kubwa hufanywa na rodopsini, kemikali iliyo nyuma ndani ya jicho, ambayo mwanga mkali huivunja na giza huijenga upya kwa dakika 20 hadi 30. Bodaboda moja ikipita na taa kali, au ukichungulia simu mara moja, unaanza upya. Mwanga mwekundu hafifu hauiharibu sana, kwa hiyo mtu mwenye haja ya kusoma ramani ya nyota hufunika tochi kwa karatasi nyekundu ya nailoni. Tena ukitafuta nyota hafifu usiikodolee macho. Tazama pembeni yake kidogo, kwa sababu katikati ya jicho hakuna chembe zile zinazoona gizani.

Malaba nako nilijificha nyuma ya ukuta kwa muda huo huo. Haikusaidia, maana pale tatizo ni la aina ya pili: hewa yenyewe inang'aa. Malaba na Busia ni vituo vya mpaka vinavyofanya kazi usiku na mchana, na foleni ya malori haiwezi kukaguliwa gizani. Hakuna anayedai taa zizimwe pale. Swali ni mwanga unaelekea wapi na una rangi gani. Taa nyeupe za LED hutoa mwanga mwingi wa buluu, wa nanomita 450 hivi, ilhali taa za zamani za sodiamu, zile za rangi ya manjano, hutoa wa 590 hivi. Molekuli za hewa husambaza mwanga kwa kinyume cha kipeo cha nne cha urefu wa wimbi. Ukipiga hesabu, buluu hiyo husambaa karibu mara tatu ya manjano. Ndiyo sababu mji unaweza kubadilisha taa, usiongeze hata moja, na anga yake ikazidi kufifia. Vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa wakati wa kiangazi huongezea, na usiku mzuri kuliko yote ni ule unaofuata mvua.

Habari njema ni kwamba mwanga huo hupungua upesi ukienda mbali. Merle Walker, mwanaastronomia wa California, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba umbali ukiwa maradufu, mng'ao wa mji angani hupungua karibu mara sita. Huhitaji kwenda mbali hadi Karamoja. Kutoka mji wa Tororo hadi Kirewa kunatosha kukurudishia nyota ambazo macho hayakuzipata mjini.

Hata hivyo Kirewa nako kuna pande zenye mwanga. Tororo iko mashariki, Busia kusini, Mbale kaskazini-mashariki. Hapa ikweta inatusaidia. Kwetu nyota huchomoza karibu wima, nyuzi 15 kila saa, hazipandi kwa mshazari kama Ulaya. Nyota za Orion, kundi linaloitwa pia Jabari, huchomoza kwenye mng'ao wa taa za Tororo. Saa mbili baadaye ziko nyuzi 30 juu, ambako mwanga wake bado unapita kwenye hewa mara mbili ya ile ya utosini. Saa nne baadaye ziko nyuzi 60, zimeuacha mji chini kabisa. Anayekaa mjini na asimfukuze Orion upeoni, amngoje utosini.

Upande wa kusini kungoja hakusaidii. Wingu Kubwa la Magellan, galaksi inayoonekana kama wingu hafifu, halipandi zaidi ya nyuzi 20 hivi, kwa hiyo linabaki juu ya Busia na kumezwa. Suheli, nyota ya pili kwa mng'aro usiku, hufika nyuzi 36 na kustahimili.

Vipi kuhusu darubini? Wengi hudhani darubini huongeza mng'ao wa mji pamoja na wa nyota. Sivyo. Chukua darubini ya macho mawili ya 10x50. Lenzi ya milimita 50 hukusanya mwanga mara 50 ya mboni ya milimita 7. Nyota, hata ukiikuza, hubaki nukta, kwa hiyo mwanga wote huo unaishia kwenye nukta moja. Mng'ao wa anga si nukta. Ukuzwapo mara kumi hutandazwa kwenye eneo mara 100, na mwisho wake jicho huuona kwa nusu tu ya mng'aro wake. Nyota inapanda, usuli unashuka. Ndani ya darubini hiyo, hata mjini, Kilimia huwa na nyota nyingi kuliko nilizoziona Kirewa kwa macho matupu, na miezi minne ya Mushtarii, ile aliyoiona Galileo mwaka 1610, hujipanga mstari mmoja.

Ila hesabu hiyo hiyo inatuambia nini cha kuacha. Galaksi ya Andromeda imetandaa kama mng'ao wenyewe. Ukiikuza, nayo inafifia pamoja na usuli. Mjini tafuta vishada, sayari na Mwezi, na galaksi zingoje safari ya kijijini.

Hukumu yangu ni hii. Darubini ina bei, lakini kofia ya bati juu ya taa, inayouelekeza mwanga chini kwenye njia na mlango, hukatwa na fundi yeyote wa mabati. Mwanga unaopaa juu haumwoneshi mwizi wala mgeni, na umeme wake umelipiwa. Mwanzoni mwa Januari, usiku usio na mbalamwezi, simama nje saa tatu na nusu, hesabu Kilimia na uandike namba pamoja na mahali uliposimama. Mwaka unaofuata rudia pale pale. Kirewa, taa moja ya sola ilipozimwa na macho yakapewa muda, nyota mbili zilirudi.